Kupima asidi na bazi kwa shu (kabichi) ya violeti, na mayi ya ziwa letu Kivu

Bandugu, hii habari ya asidi (vitu vichachu kama ndimu) na bazi (vyenye kuipinga asidi, kama bikarbonati na mayi ya majivu) munaniulizaka kila mara, juu ku masomo batoto banaikopiaka ku tablo tu na kurudi nyumbani bila kuona hata rangi moja. Leo tuione kwa macho.

Tafuta shu ya violeti, ndogo inatosha. Kata nusu, tia mu sufuria, mimina mayi ya moto, ngoja dakika 20 kisha chuja. Angalisho kwetu sisi wa Goma: usitumie mayi ya ziwa kwa hii kazi, rangi itavuta ku bleu mbele hujaanza, tumia mayi ya chupa.

Gawanya mu maveri madogo. Ya kwanza kamulia ndimu, itakuwa nyekundu. Ya pili tia sukari, hakuna kitu itabadilika. Ya tatu bikarbonati, bleu yenye kuvuta ku majani. Ya ine tia mayi ya majivu yenye umechuja, hapo itakuwa kijani kabisa. Nyekundu njo asidi, bleu na kijani njo bazi.

Namba za kupima asidi na bazi zinaitwa pH, mwanakemia Sørensen wa Denmark aliileta mwaka 1909. 7 iko katikati, chini yake njo asidi, juu yake njo bazi. Hapa bengi banakoseaka: kutoka 4 kushuka ku 2 asidi haiongezeki mara mbili, ni mara 100, juu kila hatua inazidisha mara 10.

Sasa chukua veri ya ndimu, ongeza bikarbonati kidogo kidogo. Itatoa povu na rangi itarudia violeti, asidi na bazi zimemalizana. Ile gazi ya mu povu ni gazi karboniki, ileile ya mazuku yenye inauaka bantu na mifugo mu mashimo huku kwetu. Mu veri ni kidogo sana, usiogope.

Mwisho chota mayi ya ziwa pale Kituku, tia matone ya shu. Itakuwa bleu, juu mayi ya juu ya Kivu iko na pH karibu 9. Chini kabisa, kwenye gazi karboniki imejaa, pH inashuka mpaka karibu 6. Ziwa moja, mayi mbili!

MASWALI

Wa Ndosho: Profu, shu nimekosa, kitunguu nyekundu inaweza?
Jibu: Ndiyo, chemsha maganda yake. Rangi haitakuwa wazi sana lakini utaona.

Wa Majengo: Mayi ya mvua ya ku manjanja (mabati) yangu nimeitia shu, imekuwa ya pinki, ni volkano?
Jibu: Mvua yenyewe iko asidi kidogo, pH karibu 5.6, juu ya gazi karboniki ya hewa. Moshi ya Nyiragongo iko na gazi ya kiberiti, inaweza kuishusha zaidi.

Wa Katindo: Asidi ya batri ikinimwangikia ku mkono niweke bikarbonati?
Jibu: Hapana ndugu yangu. Mayi mingi ya kutiririka, dakika 20 hivi, kisha ku santé. Na javeli usiichanganye na siki hata siku moja, inatoa gazi ya klorini.

Mama wa Himbi: Kama mayi ya ziwa haiko asidi basi batoto banaweza kuikunywa?
Jibu: Mama, tafadhali hapana. Shu haionake mikrobe. Mayi ya kolera inaweza kutoa rangi nzuri kabisa. Tia klori ao chemsha, kila siku.