Tuma maandishi kwa redio ya mkononi, bila intaneti

Kompyuta mbili na redio mbili za mkononi za kuongelea (walkie-talkie) za VHF zinatosha kutumiana maandishi hata minara ya simu ikizimika. Pakua fldigi mapema, mtandao ungali upo. Ni programu ya bure, ipo ya Linux, Windows na Mac. Inageuza maneno kuwa milio, na kompyuta ya upande wa pili inaisikiliza milio hiyo na kuirudisha kuwa maneno.

Waya wa kuunganisha ni mzuri, ila si lazima. Sogeza maiki ya redio karibu na spika ya kompyuta, bonyeza kitufe cha kuongea, subiri kama sekunde moja, ndipo utume. Pande zote mbili zichague ndani ya fldigi mtindo wa kutuma uitwao MT63-2000L: unavumilia kelele za chumbani kwa sababu kila herufi hutawanywa kwenye milio mingi, na unafikisha takriban maneno 200 kwa dakika. Picha sahau.

Wengi hupandisha spika mpaka mwisho wakidhani ndiyo itafika mbali. Wapi! Sauti ikipasuka, mwenzako anapokea herufi za ovyo tu. Anza chini, panda taratibu. Zima pia milio ya arifa, maana nayo itarushwa hewani.

Kwa orodha ya majina au dawa ongeza flmsg, programu mwenza ya fldigi, ambayo hukagua kama ujumbe umefika bila herufi kubadilika. Leseni ya kurusha kwa redio ni lazima: ukiwa Tanzania iombe kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko; ukiwa Kenya, kwa Mamlaka ya Mawasiliano.