Kutafuta ngano baridi kwenye jua la Uyui

Majirani zangu hapa Uyui, mkoani Tabora, wanalima tumbaku, mahindi na karanga, kwa hiyo wakiniona saa sita mchana, mwezi wa nane, nimeielekezea ngano bastola ya kupimia joto, lazima wacheke. Wacheke tu. Natafuta aina za ngano zenye majani baridi: nina vitalu 40 vya majaribio ninavyomwagilia kwa maji ya kisima, na kiangazi chetu kisicho na mawingu ndicho hasa kazi hii inachotaka.

Jani linalotoa mvuke kwa wingi hupoa, kama mtungi unaotoa jasho. Ngano yenye majani baridi kuliko jirani yake ama imefungua vizuri vitundu vya majani, hewa ya kutengenezea chakula ikaingia, ama mizizi yake imeufikia unyevu wa chini. Meksiko walilinganisha aina nane zilizotolewa kati ya 1962 na 1988: zile mpya zilizaa zaidi na majani yake yalikuwa baridi zaidi. Tofauti? Nyuzi 0.6 tu. Ukipima kizembe, kosa lako mwenyewe linazidi hapo.

Tumia kipimajoto cha mafundi wa friji, si kile cha mlangoni cha wakati wa korona. Kile ni cha joto la mwili. Changu, nikiwa mita moja, kinasoma duara la karibu sentimita 8.

Pima kati ya saa tano na saa nane mchana, jua kali, majani yasiyolowa. Upepo ukianza kuyumbisha masuke, rudi chini ya mwembe ungoje. Jua la Agosti kwetu liko kaskazini, basi simama kaskazini mwa kitalu likupige mgongoni. Kivuli chako kitakutangulia kama sentimita 70. Lenga mbele yake. Lenga kwa mshazari, kwa sababu udongo mkavu unaunguza na ukichungulia kidogo tu umeharibu. Masuke yakishatoka, tafuta majani yaliyo chini yake. Mistari ya pembeni iache.

Soma mara mbili kila kitalu, vyote 40 upesi, halafu rudi kinyumenyume kuanzia cha mwisho, maana hewa inazidi kupata joto huku wewe unatembea. Linganisha vipimo vya siku moja tu. Rudia siku nyingine tatu au nne, kabla ya kuchanua na punje zinapojaa.

Mwaka wa kwanza nilimpata bingwa: kitalu namba 17, baridi kila siku. Nilishamtangazia mke wangu. Kumbe mpira wa maji ulikuwa na tobo palepale! Siku hizi aina moja ya kulinganishia naipanda katika vitalu vitano vilivyotawanyika. Vikipishana sana vyenyewe kwa vyenyewe, shida ni shamba, si mbegu. Ngano ndefu nayo hudanganya, hupoa zaidi kwa kuwa upepo unaifikia. Ilinganishe na za kimo chake, zinazochanua pamoja nayo.

Joto nalitumia kutupa, si kutawaza. Zenye majani ya moto naziacha, zilizobaki zinasubiri mzani baada ya mavuno. Ngano ya namba 17, nilipoipanda mbali na mpira, ilikuwa ya 31.