Jinsi ya kuwasimulia vijana wa kibarua historia ya wafanyakazi wa Marekani

Mei Mosi ikikaribia hapa Mombasa vijana hunijia maskani kuniuliza hii sikukuu imetoka wapi, na nimeona ukianza na Chicago 1886 wanasinzia kahawa haijapoa. Usianzie hapo, anzia getini.

Waulize wanaorauka alfajiri kungoja kuchaguliwa: leo nani kachukuliwa, nani karudi nyumbani? Wakishapandwa na hasira ndo uwaambie San Francisco nako ilikua ivoivo, makuli wanajipanga bandarini asubuhi, nyapara ananyosha kidole wewe, wewe, wewe, na wengi ilibidi wamtoe kitu kidogo ndo awaone. Mei 1934 wakagoma bandari za pwani yote ya magharibi, mmoja wa viongozi akiwa Harry Bridges, kuli mwenzao alozaliwa Australia, tarehe 5 Julai polisi wakapiga risasi wawili wakafa, alafu mji mzima ukagoma siku nne. Hapa usikimbie. Eleza walichopata baada ya siku 83: ofisi ya kugawa kazi, na anaegawa kachaguliwa na chama, si nyapara tena. Kijana akiskia hilo utaona anavuta kiti.

Alafu moto wa kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, 25 Machi 1911. Watu 146 walikufa, wengi wasichana wahamiaji, manake mlango mmoja ghorofa ya 9 ulikua umepigwa kufuli na wengine wakaruka madirishani. Usitaje idadi tu, waulize godauni lao lina mlango wa pili na ufunguo anao nani. Mimi nishafanya kazi mahali ufunguo anao mtu mmoja na mchana anaenda kula mbali, kwa hio hii siwezi kuisimulia nimetulia. Frances Perkins alikua pale barabarani akauona huo moto kwa macho yake, 1933 akawa waziri wa kazi.

Akitokea wa kusema ya Marekani yatuhusu nini, usibishane, mkumbushe Januari 1947, mgomo mkubwa wa hapahapa Mombasa na Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi.

Sasa ndo uilete Chicago: 1 Mei 1886 waligomea masaa 8 ya kazi kwa siku, tarehe 4 bomu likarushwa kwenye mkutano wa wafanyakazi uwanja wa Haymarket, watetezi wao wakashtakiwa kwa hilo bomu, wanne wakanyongwa 1887, na 1893 gavana akawaachilia watatu waliobaki jela akisema kesi haikua ya haki. Na jiandae kuulizwa mbona Wamarekani wenyewe sikukuu yao ya wafanyakazi ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba, iliyopitishwa 1894.