Siku Moja Dodoma Kati ya Treni ya Asubuhi na Treni ya Jioni

Tangu treni za reli ya kisasa zianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai 2024, makao makuu ya nchi yamepata aina ya mgeni ambaye zamani alikuwa adimu: anayeshuka asubuhi, anayezunguka mchana kutwa, na ambaye jioni ileile yumo njiani kurudi nyumbani. Kwa basi linalotumia saa saba au nane, safari hiyo ilikuwa adhabu. Kwa treni inayotumia saa tatu na kitu hadi nne, inawezekana, ila kwa sharti kwamba siku ipangwe kuanzia mwisho wake.

Anza na tiketi ya kurudi. Inunue siku ileile unayonunua ya kwenda, hasa kama siku yenyewe ni Ijumaa, kwa sababu jioni ya Ijumaa watumishi wengi wenye familia Dar es Salaam husafiri, na nafasi hujaa mapema. Kisha hesabu kurudi nyuma. Tuseme treni yako inaondoka saa kumi na mbili jioni: uwe stesheni saa kumi na moja, kwa kuwa kuna ukaguzi wa mizigo na wa vitambulisho, na treni hizi haziondoki kwa mazoea ya stendi ambako kondakta akikuona unakimbia husimamisha gari. Ili ufike saa kumi na moja, ondoka mjini saa kumi na nusu. Na kama uko nje ya mji, ondoka huko saa tisa. Hivyo, ukiwa umeshuka saa nne asubuhi, siku unayoiita nzima ni saa tano au sita tu za kutembea, kula na kununua. Mwambie dereva wazi kwamba unakwenda stesheni ya SGR, yaani ya reli ya kisasa. Stesheni ya zamani ya reli ya kati, ambayo ilifikiwa na reli ya Wajerumani mwaka 1910, iko katikati ya mji na bado inajulikana kwa jina la stesheni tu, hivyo anayesema neno hilo peke yake anaweza kupelekwa kusiko.

Saa tano au sita hazitoshi kwenda kila upande. Chagua mwelekeo mmoja, uongeze katikati ya mji, basi. Wengi hutaka kuona mji wa Serikali wa Mtumba, Chuo Kikuu, mashamba ya zabibu na mnada kwa siku moja, na wanachokiona kwa kweli ni vioo vya gari. Na hapa niseme mapema kuhusu michoro ya mapangoni ya Kolo, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006: barabara ya lami ipo hadi Kondoa na kuendelea, lakini Kolo iko kaskazini zaidi ya Kondoa, karibu kilomita 180 kutoka Dodoma mjini, na baada ya kufika kuna kupanda mlima na kiongozi wa eneo hilo. Anayekwambia unaweza kwenda na kurudi kabla ya treni ya jioni huenda anataka kukukodishia gari. Kolo inastahili kulala Kondoa.

Katikati ya mji panatembeka kwa miguu. Uwanja wa Nyerere, wenye sanamu ya Mwalimu, ni mahali pazuri pa kuanzia, na kutoka hapo Kanisa Kuu la Anglikana hufikika bila usafiri. Msikiti wa Gaddafi, uliojengwa kwa ufadhili wa Libya na kufunguliwa mwaka 2010, utahitaji bajaji ya muda mfupi. Kote huko vaa nguo za heshima, omba ruhusa kabla ya kuingia au kupiga picha, na usiende saa za ibada kama hukuja kusali. Saa moja na nusu inatosha.

Bunge ni jambo jingine, na kwa maoni yangu ndilo linaloifanya Dodoma isifanane na mji mwingine wowote nchini. Kama mkutano wa Bunge unaendelea, na ule mrefu kuliko yote ni wa bajeti, unaoanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni, mwananchi anaweza kuketi katika jukwaa la wageni na kufuatilia kikao kwa macho yake. Kikao cha asubuhi huanza saa tatu kwa maswali, na Alhamisi kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Kwa hiyo anayekuja na treni ya alfajiri atakosa mwanzo, ingawa mjadala unaofuata ataukuta. Fanya mipango siku kadhaa kabla, kupitia ofisi ya mbunge wako au ofisi ya Bunge, na uje na kitambulisho. Ukiwa na kikundi cha wanafunzi au cha kijijini kwenu, huenda mkatambulishwa ukumbini mkasimama na kupungiwa mikono, jambo ambalo watoto hulikumbuka kuliko hotuba yoyote. Ubaya wa msimu huo ni kwamba bajaji huwa ghali, migahawa hujaa, na misafara ya viongozi husimamisha magari barabarani. Ongeza nusu saa kwenye hesabu yako ya kurudi stesheni.

Bunge likiwa halipo, elekea kwenye zabibu. Mavuno ni mawili kwa mwaka, moja kati ya Februari na Aprili na jingine karibu na Agosti na Septemba, na mashamba yamezagaa pande kadhaa: Mpunguzi na Bihawana katika barabara ya Iringa, Hombolo upande wa kaskazini mashariki, na Makutupora kaskazini katika barabara ya Arusha, penye kituo cha utafiti wa zao hilo. (Usichanganye Makutupora hii na ile ya Manyoni mkoani Singida, ambayo ndiyo inayotajwa katika kipande cha reli cha Morogoro hadi Makutupora, wapo wanaodhani wanaweza kushuka treni moja kwa moja shambani.) Kwa mwenye saa tano, Mpunguzi ndiyo rahisi zaidi, kwani iko barabara kuu na daladala zipo. Hombolo ina bwawa na mandhari tulivu, lakini inahitaji teksi iliyokodiwa kwenda na kurudi, na dereva atakayekusubiri. Zungumza na mkulima kabla ya kuingia shambani, kwa sababu dawa hupulizwa mara kwa mara na si kila kichala cha kuliwa papo hapo. Zabibu unazokwenda nazo nyumbani zinunue mwisho kabisa, uzipange katika boksi lenye matundu wala si katika mfuko wa plastiki uliofungwa, uziweke kivulini, na usizioshe mpaka utakapofika. Zikiloa njiani huchacha.

Siku ya Jumamosi mambo hubadilika, kwa kuwa kuna mnada wa Msalato, kaskazini mwa mji kwenye barabara hiyohiyo ya Arusha. Ng'ombe na mbuzi hununuliwa huko, mitumba hutandikwa chini, na moshi wa nyama choma huonekana kabla hujashuka garini. Nyama huchaguliwa mbichi, hupimwa kwa kilo, kisha huchomwa polepole. Ukiagiza baada ya kuzunguka mnada, utasubiri saa nzima huku ukiangalia simu. Agiza kwanza, lipa au acha jina, ndipo uzunguke. Ukikuta mahali wanapopika ugali wa uwele au wa mtama kwa mlenda, usiupite, kwa maana hicho ndicho chakula cha Wagogo, wenyeji wa Dodoma, na mezani hukipati kwa urahisi katika hoteli za mjini. Salamu ya "mbukwenyi" kwa wazee wenyeji hufungua mazungumzo, na mara nyingine hupunguza bei.

Kuhusu usafiri wa ndani, bajaji moja iliyokodiwa kwa nusu siku hushinda bajaji sita za safari fupi fupi. Patana kabla ya kuondoka: vituo vyote, muda wa kusubiri, na bei moja ya mwisho; chukua namba ya simu ya dereva, na umlipe sehemu kubwa mkirudi. Daladala ni nafuu, ila asubiriye zijae asilaumu treni.

Jua la Dodoma halina mzaha, na kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni hadithi tu, upepo hubeba vumbi, na maji ya kunywa huisha upesi kuliko ulivyokadiria. Kofia, chupa ya maji na kitambaa cha kufunika pua vinatosha. Mwezi Juni na Julai ongeza koti, kwa kuwa mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na baridi ya asubuhi humshangaza mtu wa pwani. Njoo na begi moja la mgongoni, maana utalibeba kutwa.

Ukichelewa treni pamoja na hayo yote, usibishane na walinzi wa lango. Uliza kwanza kama kuna treni nyingine usiku huo yenye nafasi. Kama haipo, chukua bajaji hadi stendi kuu ya mabasi ya Nzuguni. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na ukiondoka saa mbili au saa tatu usiku utafika Dar es Salaam alfajiri. Soko la Job Ndugai liko jirani na stendi hiyo, kama boksi la zabibu lilikuwa bado halijanunuliwa.