Namba za Kirumi: vunja namba kwanza ndio uandike

Natype kwa saiba hapa Ngara na namba za Kirumi zinakuja karibu kila siku, mwanafunzi wa chuo anataka kurasa za mwanzo za projekti ziwe i, ii, iii, mzazi ameshikwa na homuwaki ya mtoto, kapo inataka tarehe ya harusi kwa kadi. Juzi mama mmoja akaja tumtypie eulojia ya mzee wake, akanionyesha kwa simu picha ya jiwe la kaburi, mwaka wa kuzaliwa umechongwa MCMIL, ati ndio 1949. Aki iliniuma. Hiyo sio 1949, na fundi ashalipwa. Ndio maana naandika hii.

Herufi ni saba tu: I ni 1, V ni 5, X ni 10, L ni 50, C ni 100, D ni 500, M ni 1000. Hizo shika kwa kichwa, hakuna njia ingine.

Sasa usikimbilie namba nzima. Ivunje vile tulifunzwa praimari, maelfu, mamia, makumi, mamoja, kila kipande ukiandike peke yake halafu uvipange kuanzia kile kikubwa. Chukua 1963, mwaka wa uhuru: 1000 ni M, 900 ni CM, 60 ni LX, 3 ni III. Unganisha, MCMLXIII. 2010 ya katiba ni rahisi zaidi, 2000 ni MM, mamia hakuna, 10 ni X, mamoja hakuna, basi MMX. Penye sifuri unaruka tu, Warumi hawakuwa na herufi ya sifuri.

Kwenye watu wanaanguka ni 4 na 9. Herufi hairudiwi zaidi ya mara tatu (na V, L, D hazirudiwi hata mara mbili), kwa hivyo badala ya IIII unaweka ndogo kushoto kwa kubwa, hapo inatolewa: IV. Lakini sio kila ndogo inaruhusiwa kutolewa kwa kila kubwa!! I inatolewa kwa V na X peke yake, X kwa L na C, C kwa D na M. Yaani ziko sita tu: IV 4, IX 9, XL 40, XC 90, CD 400, CM 900. Ukijipata umeandika IL ama IC ama VX ujue umepotea, rudi uvunje tena. 49 ni 40 na 9, XL halafu IX, kwa hivyo mwaka wa yule mzee ni MCMXLIX. Nilimwandikia mama kwa karatasi, herufi kubwa kubwa, ampelekee fundi.

Jaribu 1899, mwaka reli ilifika Nairobi. M, DCCC, XC, IX, yaani MDCCCXCIX. Ni ndefu lakini ndio hiyo, usiitafutie shotikati.

Ukimaliza isome tena kutoka kushoto, ndogo ikitangulia kubwa toa, zingine zote ongeza, jibu lisiporudi kwa namba yako kuna mahali umekosea. Saa nyingi za ukutani zina IIII kwa 4, hiyo ni desturi ya watengenezaji saa, mtoto asiipeleke kwa mtihani. Na kwa herufi hizi saba ukifika 3999, MMMCMXCIX, umefika mwisho, kupita hapo unachora mstari juu ya herufi na inazidishwa mara 1000, V yenye mstari ni 5000.

Kwa tarehe ya kadi ama pete, siku, mwezi na mwaka kila moja ivunjwe kivyake na utenganishe na nukta, kama 14/9/2024 ni XIV.IX.MMXXIV. Na ukitype tumia I ya herufi kubwa, sio 1 ya namba, kwa skrini unaweza kosa kuona tofauti lakini ikiprintiwa inaonekana.