Kung'oa Kisiki Uani: Kazi Iko Kwenye Mizizi

Ukinunua nyumba huku ughaibuni, si ajabu ukarithi na visiki vya miti iliyokatwa zamani. Kimoja kinavunja kisu cha mashine ya kukatia nyasi, kingine watoto wanajikwaa kila siku. Kama ni nyumba ya kupanga, pata kwanza ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi.

Kabla hujachimba hata shimo dogo, ulizia kilichozikwa chini. Kwa Marekani piga 811, namba ya kuomba waya na mabomba ya chini yawekewe alama, siku chache za kazi kabla. Huduma ni bure. Mafundi watakuja kupaka rangi ardhini au kuchomeka vibendera: nyekundu ni umeme, njano gesi, buluu maji, rangi ya chungwa simu na intaneti. Nakusihi usiiruke hatua hii, kwa sababu mizizi hupenda kujisokota kwenye mabomba, na sururu haijui kutofautisha. Fahamu pia kwamba waya aliouvuta mwenye nyumba mwenyewe, wa kwenda bandani kwa mfano, kwa kawaida hauwekewi alama.

Kama mti bado umesimama, una bahati. Mwambie mkataji akuachie shina la urefu wa mita moja hivi, usiruhusu likatwe hadi usawa wa ardhi. Shina hilo ndilo wenzo wako: mizizi ikishakatwa, unalisukuma huku na huku mpaka lilegee. Muulize pia kama bei yake inajumuisha kisiki, maana mara nyingi ni kazi ya kulipiwa peke yake.

Kisiki kidogo unaweza kukitoa kwa mikono. Mwagia maji siku moja kabla, udongo ulainike. Chimba ukikizunguka, fukua mizizi mikubwa hadi uione vizuri, isafishe udongo, kisha ikate mmoja mmoja kwa shoka au msumeno. Mizizi mingi ya miti imo katika sentimita 60 za juu, hivyo huhitaji kuchimba kisima. Usizamishe msumeno wa injini kwenye udongo. Mchanga huua makali ya mnyororo mara moja. Ukiona kisiki kimegoma kama cha mpingo, ujue kuna mzizi umebaki upande wa chini. Utafute kwa mtalimbo, usiongeze nguvu tu.

Na tafadhali, usifunge mnyororo kwenye gari ukavuta. Mnyororo au ndoano ikikatika hurudi kwa kasi ya kuua mtu, awe dereva au mtoto anayetazama.

Kwa kisiki kikubwa, mimi ningekodi mashine ya kusaga visiki pamoja na mtu wa kuiendesha. Husaga mbao hadi sentimita 15 au 30 chini ya ardhi, na mizizi iliyobaki huoza polepole. Ondoa mawe na misumari kwanza, na wote wakae mbali, kwa sababu vipande huruka. Anayeiendesha avae miwani, viziba masikio na buti ngumu. Muombe fundi akuonyeshe bima yake kabla hajawasha injini.

Dawa za kuozesha zenye nitrati ya potasiamu hufanya kazi, ila zinataka subira ya miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Kuchoma moto sikushauri: miji mingi inakataza, na moto unaweza kufuata mizizi chini kwa chini ukaibukia kwingine. Mierebi, mipopla na mikaratusi huchipua tena, kwa hiyo kata machipukizi kila yanapotokea mpaka mizizi iishiwe nguvu. Misonobari mingi haina usumbufu huo.

Baada ya kusaga utabaki na rundo la vumbi la mbao. Usilichanganye lote na udongo unaotaka kupanda, kwani likioza huvuta naitrojeni na nyasi zikageuka manjano. Litandaze juu ya ardhi chini ya vichaka, shimo lijaze udongo mzuri, ushindilie tabaka kwa tabaka, na uache kichuguu kidogo juu. Baada ya mvua kadhaa utaona pameshuka. Ongeza udongo, ndipo umwage mbegu za nyasi.