Meza ya vijana: namna maktaba ya mkoa inavyoweza kumsaidia asiye shuleni wala kazini

Kijana aliyeishia darasa la saba, au aliyepata sifuri kidato cha nne, haji maktaba kutafuta kitabu. Akija, ni kwa sababu amesikia kuna intaneti au kuna mtu wa kumsaidia kujaza fomu. Anzieni hapo. Maktaba nyingi za mikoa chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania hujaa wanafunzi wa mitihani. Wa mtaani akichungulia mlangoni anaona sare tu, anageuza.

Tengeni meza moja, kompyuta mbili na printa, siku mbili kwa wiki, muda uleule: tuseme Jumanne na Alhamisi, saa 8 mchana hadi saa 11 jioni. Mkutubi wa meza hiyo asipangiwe kaunta kwa saa hizo, kwa maana kijana akikuta kiti kitupu ndiyo basi tena. Kama kuna ada ya uanachama, asitozwe kwa huduma hii, na hilo liandikwe mlangoni kwa herufi kubwa. Wekeni mkeka pembeni. Wasichana wengi watakuja na watoto, na mtoto akikosa pa kukaa mama naye haketi.

Tangazo la ukutani halimfikii mtu ambaye haingii. Pitieni kwa mtendaji wa mtaa, kisha nendeni wenyewe kijiwe cha bodaboda, saluni na gereji. Msiseme "njooni msome." Semeni huduma yenyewe: kuandika CV, kufungua barua pepe, kutafuta namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), kujisajili kwa mtihani.

Akishaketi, muulizeni anataka nini, halafu ombeni kuona karatasi zake kabla ya kugusa kompyuta. Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Linganisheni jina herufi kwa herufi kwenye cheti cha kuzaliwa, NIDA na cheti cha shule. Huku Halima, kule Halma. Huku majina mawili, kule matatu. Tofauti ndogo kama hiyo hukwamisha maombi ya kazi, na kurekebisha baada ya akaunti ya maombi kufunguliwa ni kazi zaidi. Cheti cha kuzaliwa ni suala la RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kitambulisho ni ofisi ya NIDA ya wilaya, na mara nyingi ataambiwa alete kiapo kilichoshuhudiwa na wakili. Mwandikieni kwenye karatasi aanzie ofisi ipi na abebe nini. Maelezo ya mdomo hupotea njiani.

Barua pepe nayo ina mitego yake. Vijana wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Laini hiyo ikichukuliwa na mwenyewe au ikifungwa, namba za uthibitisho haziwafikii tena na akaunti inapotea na kila kilichomo. Shughulikieni laini kwanza. Nywila aitunge mwenyewe na aiandike kwenye daftari lake, kamwe isiwe kwenye rejesta ya maktaba. Fungueni dirisha la faragha la kivinjari, na kabla hajainuka hakikisheni ametoka kwenye akaunti. Kompyuta ya umma iliyohifadhi nywila humkabidhi anayefuata barua na vyeti vyote vya mwenzake.

Kwa maombi ya serikalini, mfumo ni wa Sekretarieti ya Ajira, na kuomba ni bure. Mwambieni waziwazi: anayedai "hela ya fomu" kwa simu ni tapeli.

Si kila mmoja anatafuta ajira. Ambaye hakusoma sekondari anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa wa NECTA (Baraza la Mitihani), maarufu kama QT, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo tangazeni kuanzia Desemba. Atakayesikia Juni amechelewa. Vitabu vya kiada vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Vipakueni kwenye kompyuta zenu, kwani intaneti ikikatika kipindi kizima kinakufa. Fundi aliyejifunzia gereji aelekezwe VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi; wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa na kuutolea cheti. Wanaotaka biashara waonane na afisa maendeleo ya jamii kuhusu mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ya mapato hayo ni ya vijana. Mikopo hiyo hupitia vikundi, na kikundi huhitaji katiba na akaunti ya benki. Katiba ndiyo huwashinda, nayo inaandikika mezani kwenu mchana mmoja.

Wapo wasiosoma vizuri, na hawatasema. Atadai amesahau miwani, au atamwachia rafiki ajaze. Msimsomeshe mbele za watu. Mpeni muda wake peke yake, na kitabu chembamba chenye herufi kubwa kisicho cha watoto wadogo.

Rejesta iwe na safu tano: jina, simu, simu ya ndugu kwa ridhaa yake, alichokuja kutafuta, na hatua inayofuata pamoja na tarehe. Tarehe hiyo ikifika, pigeni simu. Asipopatikana, pigeni ile ya ndugu, na mseme tu kwamba maktaba inamuulizia. Shida yake ni siri yake.